Picha Bila Neno: Aikoni za Simu na Nafasi ya Kiswahili

Kati ya mwaka wa 2023 na 2024, watumiaji wa WhatsApp katika simu za Android walikuta milango ya programu hiyo imehamishwa. Vichupo vilivyokuwa juu ya skrini kwa miaka mingi, vingi vikiwa maneno matupu, viliteremshwa hadi chini karibu na kidole gumba, na kila neno likapewa kijipicha chake. Kwa wengi, hilo lilikuwa badiliko la sura tu, mfano wa nyumba iliyopakwa rangi mpya. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, jambo hili si dogo. Linafufua swali kongwe kuhusu uhusiano wa picha na neno, na kuzua jingine jipya: je, simu inayobebwa na mamilioni ya Wakenya huzungumza nao kwa lugha gani pale inapoacha kuandika na kuanza kuchora?

Kichupo, kwa yeyote asiyelizoea neno hili, ni ile sehemu ya kubonyezwa inayompeleka mtumiaji kutoka ukumbi mmoja wa programu hadi mwingine: kwenye soga, kwenye orodha ya simu zilizopigwa, kwenye akaunti na kadhalika. Aikoni ni kijipicha kinachowekwa badala ya jina la ukumbi huo, au sambamba nalo. Tofauti baina ya "badala ya" na "sambamba na" ndiyo kiini cha mjadala mzima. WhatsApp iliongeza picha bila kuyafuta maneno. Instagram, kwa upande wake, imepanga safu ya picha peke yake chini ya skrini, na mtumiaji huachiwa afumbue mwenyewe. Kati ya njia hizo mbili, ya kwanza ndiyo inayofaa kuigwa na vijana wanaounda programu za simu humu nchini. Ya pili inapendeza machoni, lakini haifai.

Wanaoitetea njia ya pili hudai kwamba picha ni lugha ya ulimwengu mzima. Neno, wanasema, humgawa Mkenya na Mchina, ilhali picha huwaunganisha. Dai hili limerudiwa mara nyingi hadi likawa kama kweli isiyohitaji ushahidi, na hapo ndipo mwanaisimu anapostahili kulitilia shaka.

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), ambaye nadharia yake ya ishara ni msingi mmojawapo wa semiotiki, aliziainisha ishara katika makundi matatu. Kuna ishara inayofanana na kirejelewa chake, kama picha ya mtu inavyofanana na mwenyewe. Hii ndiyo aliyoiita aikoni. Kuna ishara iliyofungamana na kirejelewa chake katika hali halisi ya mambo, na Waswahili walilitambua hilo kitambo waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kisha kuna ishara ambayo maana yake ni mapatano ya jamii tu, kama yalivyo maneno mengi ya lugha yoyote. Ajabu ni kwamba vijipicha vya simu, ijapokuwa huitwa aikoni, aghalabu huangukia kundi la tatu. Picha ya kengele inafanana na kengele, naam, lakini mtumiaji hatafuti kengele, anatafuta arifa. Gurudumu lenye meno humkumbusha fundi wa baiskeli kazi yake ya kila siku, wala halimwambii lolote kuhusu mipangilio ya simu. Moyo nao umekuwa alama ya kupenda kwa sababu jamii fulani zilikubaliana hivyo. Mswahili aliyemwita mpenzi wake "mkalia ini" angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini hakuchorwa ini. Kwa hivyo anayeondoa neno na kubakiza picha hajaondoa lugha. Ameondoa lugha moja ambayo msomaji alifunzwa shuleni, akaweka nyingine ambayo hakufunzwa popote.

Mfano ulio wazi zaidi ni ile picha ya nyumba. Karibu kila programu huitumia kwa kichupo cha kwanza kabisa. Kwa nini nyumba? Kwa sababu katika Kiingereza ukurasa wa kwanza wa tovuti hupewa jina lenye maana ya nyumbani, na mchoraji akalichora jina hilo. Nyumba hiyo basi si picha ya kitu. Ni picha ya neno la Kiingereza. Mtumiaji anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kuhusisha paa na mlango na mahali pa kuanzia. Wikipedia ya Kiswahili iliukwepa mtego huu mapema kwa kuuita ukurasa wake wa kwanza "Mwanzo", neno fupi na safi ambalo halihitaji maelezo. Linganisha na "ukurasa wa nyumbani", tafsiri ya sisisi inayomfanya msomaji ajiulize ni nyumbani kwa nani.

Nyumba iyo hiyo imewahi kubeba maana nyingine kabisa katika Afrika Mashariki. Katika uchaguzi wa wabunge wa Tanzania mwaka wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili walioshindana katika jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kumchagua amtakaye. Nyumba ilimaanisha "mgombea huyu" wala si "yule", na katika jimbo la pili ilimaanisha mtu mwingine. Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu katiba mpya, ndizi ilikuwa alama ya "Ndiyo" na chungwa alama ya "La". Chungwa lilishinda, na jina lake likaendelea kuishi katika chama cha ODM. Hakuna mtu duniani ambaye angeona chungwa akajua kwamba linamaanisha kukataa rasimu ya katiba. Wakenya walijua kwa sababu walielezwa kwa maneno, katika mikutano ya hadhara, redioni, makanisani, misikitini na ndani ya matatu. Alama ilifanya kazi kwa kuwa neno lilitangulia.

Hata historia ya aikoni zenyewe haiwasaidii wanaotaka picha zisimame pekee. Kompyuta ya Xerox Star, iliyotolewa mwaka wa 1981 na kuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa zikiwa na aikoni, iliandika jina pamoja na picha. Katika kompyuta hiyo ndimo ilimozaliwa pia ile mistari mitatu iliyolala, kazi ya mbunifu Norm Cox, ambayo leo imejaa katika simu na ambayo mgeni yeyote huiona kama mistari mitatu iliyolala. Miaka mitatu baadaye, Susan Kare alipoichorea Macintosh aikoni zake, alihitaji alama ya kitufe cha amri; akaichagua moja ambayo Uswidi huitumia barabarani kuonyesha mahali penye kivutio kwa watalii. Nje ya eneo hilo alama hiyo haikuwa na maana, na bado mamilioni ya watu waliizoea. Waliizoea kwa kufundishwa. Kadhalika, picha ya diski ya plastiki bado humaanisha "hifadhi" katika programu nyingi, ingawa wanafunzi wengi walio vyuoni hivi sasa hawajawahi kuishika diski yenyewe.

Hapa mtetezi wa picha anaweza kuzitaja alama za barabarani. Je, hizo si picha zinazoeleweka Ulaya, Asia na Afrika? Zinaeleweka, lakini kwa gharama. Mkataba wa Vienna wa mwaka wa 1968 uliwekwa ili mataifa yakubaliane kuhusu alama hizo, na Mkenya anayetaka leseni huketi katika shule ya udereva akazisoma, kisha akatahiniwa. Asiyezijua haruhusiwi kushika usukani. Programu ya simu haina shule wala mtihani. Hupakuliwa Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri imebadilishwa tena.

Isichukuliwe kwamba aikoni hazina faida. Jicho lililokwisha kuzoea huirudia picha upesi kuliko linavyosoma neno, na rangi inayokolea kwenye kichupo kilichofunguliwa humwonyesha mtu mahali alipo bila kumchosha. Ndiyo maana simu ya iPhone, tangu ilipotolewa mwaka wa 2007, imeweka picha na neno pamoja katika upau wa chini wa programu yake ya kupigia simu. Kuongeza aikoni kwenye vichupo vya maneno matupu ni hatua njema. Kosa ni kudhani kwamba mgeni akishaingia, mwenyeji hana budi kuhama.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ile ya wasiojua kusoma. Kwao, inasemekana, picha ni mkombozi. Hoja hii inastahili kuheshimiwa, na imechunguzwa. Mwaka wa 2006, Indrani Medhi, Aman Sagar na Kentaro Toyama, watafiti waliokuwa na Microsoft nchini India, walichapisha matokeo ya kazi yao kuhusu programu zisizo na maandishi, waliyoifanya pamoja na watu wa kipato cha chini wasiojua kusoma au wanaojua kidogo. Picha zilisaidia, lakini muundo waliopendekeza haukuwa wa picha peke yake. Waliweka pia sauti inayotamka maelezo, na msaada unaoelezea programu yenyewe inafanya nini. Kwa maneno mengine, walipoyaondoa maandishi walirudisha neno kwa njia ya sauti. Jambo hili humgusa asiyeona vilevile. Simu za Android zina kisomaji kiitwacho TalkBack, ambacho hutamka kilichoko kwenye skrini. Kikifika kwenye kichupo chenye jina, hutamka jina. Kikifika kwenye picha ambayo mwundaji hakuipa maelezo yoyote, husema tu kwamba hapo pana kitufe. Vitufe vitano vikipangwa hivyo, mtu asiyeona amesimama mbele ya milango mitano iliyofungwa, yote ikiwa na jina moja.

Lakini yawezekana kuulizwa: hasara yenyewe ni ipi? Anayekosea kichupo katika programu ya kutazamia picha hupoteza sekunde chache. Jambo hubadilika pesa zinapoingia. Mishale miwili inayoelekea pande tofauti, ambayo imeenea katika programu za fedha, inaweza kumaanisha kutuma na kupokea, au kubadilisha fedha za kigeni, au orodha ya miamala iliyopita, au kuupakia ukurasa upya. Ajuza wa Taveta au Malava aliyesoma hadi darasa la nne kwa Kiswahili, na ambaye husoma Biblia au Kurani yake bila tatizo, hukwama mbele ya mishale hiyo. Hafanyi kosa, hafanyi chochote. Humwita mjukuu. Mjukuu asipokuwepo, humpa simu jirani, au wakala, au mtu yeyote aliye karibu, na pamoja na simu humtajia nambari ya siri. Mabenki na kampuni za simu hutumia pesa nyingi kuwaonya wateja wasifichue nambari hiyo, kisha programu zao humsukuma mteja yuyo huyo kuifichua. Mtu mzima anayejua kusoma amefanywa asiyejua kusoma, na siri yake ya fedha imekuwa ya ukoo mzima.

Ni vyema kukumbuka kwamba haikuwa hivyo mwanzoni. Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, menyu yake katika simu za bei nafuu ilikuwa orodha ya maneno. Hapakuwa na nyumba, kengele wala moyo. Huduma hiyo ilienea kutoka mijini hadi vijijini kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu, na Kiswahili kilikuwa ndani yake tangu kwenye jina. Hata leo, "Lipa na M-Pesa" imeandikwa kwenye kuta za maduka kutoka Lamu hadi Busia, na hakuna anayelalamika kwamba tungo hilo ni refu au ni la Kiswahili. Soko lilikwisha kuthibitisha kwamba neno la Kiswahili halimfukuzi mteja.

Ndiposa kisingizio cha urefu wa maneno hakina mashiko. Waundaji wengi hudai kwamba Kiswahili hakitoshei chini ya aikoni kwa sababu maneno yake ni marefu. Basi na yahesabiwe. "Arifa" lina herufi tano. Neno la Kiingereza linalolingana nalo lina kumi na tatu. "Miamala" lina saba, la Kiingereza kumi na mbili. "Tafuta" lina sita, na la Kiingereza sita. Kiingereza hushinda kwingine: "Mwanzo" limezidiwa kwa herufi mbili, na "Mipangilio" vivyo hivyo. Huo ndio ukubwa wa tatizo lote. Tena miongozo ya usanifu ya Google hupendekeza vichupo visivyopungua vitatu wala kuzidi vitano katika upau wa chini. Programu nzima, basi, inahitaji maneno matano. Lugha iliyozaa tenzi za maelfu ya beti haiwezi kushindwa na maneno matano.

Wala gharama si kubwa. Katika programu za Android, maneno yanayoonekana kwenye skrini hutunzwa katika faili lake mbali na sehemu nyingine za programu. Kuongeza lugha ni kuandika faili jingine lenye maneno yale yale, bila kugusa mitambo iliyoko ndani. Kazi ambayo fundi huiona nzito ni ile ya kuyapata maneno yenyewe, na hapo lawama haimwangukii yeye peke yake. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aliyemaliza somo la Kiswahili katika kidato cha nne hatarajiwi kujua iwapo "wasifu" linafaa kuliko "akaunti yangu". Anayetarajiwa kujua ni mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye mara nyingi yuko katika ukumbi wa pili wa chuo kicho hicho, akijadili kwa mara ya mia kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi.

Mjadala huo wa istilahi ulikuwa na maana yake, na ulizaa matunda. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kutoka menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Wakati huo wengi waliamini kwamba kompyuta ingefuatwa na kila kifaa kingine. Kisha simu ikaja na vijipicha vyake, na hamasa ikapoa: kwa nini kubuni istilahi ilhali hakuna mahali pa kuiandika? Kenya, wakati huohuo, ilikuwa imepata katiba ya mwaka wa 2010, ambayo kifungu chake cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Ni vigumu kuona jinsi mishale miwili bila neno inavyoitimiza haki hiyo.

Wenye kutafuta mfano wa usanifu wasiende mbali. Leso, au kanga kama wengine waiitavyo, ina pindo, ina mji na ina jina. Mji waweza kuwa korosho, waweza kuwa ua au jogoo. Mnunuzi wa Mombasa huutazama mji kwa kuvutiwa, kisha macho yake huteremka kwenye jina, na aghalabu jina ndilo linaloamua kama leso itanunuliwa au itarudishwa kwenye rafu, hasa ikiwa inanunuliwa ili jirani aione. Picha huita, neno husema. Mpangilio wa picha juu na maandishi chini yake, ambao wasanifu wa simu huujadili kana kwamba umevumbuliwa karne hii, umevaliwa viunoni pwani ya Afrika Mashariki tangu kabla ya uhuru.

Kilichobaki ni kazi, na haihitaji tume wala kamusi mpya. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuketi na wanafunzi wa kompyuta, programu moja baada ya nyingine, na kuyaafiki maneno matatu hadi matano ya upau wake. Maneno hayo yasitoke darasani yakaingia simuni moja kwa moja. Yapelekwe kwanza Gikomba, Kongowea na Kibuye, yaonyeshwe wanaouza mboga na mitumba, nao waulizwe wangebonyeza wapi wakitaka kuona pesa walizotuma jana. Huenda "Miamala", pamoja na uzuri wake, likawatatiza wengi kama ilivyowatatiza mishale, na muuzaji wa nyanya akapendekeza "Nilizotuma". Neno hilo lina herufi kumi, na upau una nafasi yake.